Nguvu ya Pombe Huamuliwa Kabla Haijawa Pombe

Mpika pombe wa Kibondo au Kasulu anayetaka kupata pombe kali ya mtama au ulezi aghalabu hufanya jambo ambalo mtu yeyote angelifanya: huongeza nafaka. Ikiwa kilo 5 za kimea zimetoa debe moja la pombe ya kawaida, yeye huweka kilo 10, akitumaini kwamba nguvu nayo itazidi mara mbili. Haizidi mara mbili. Wanywaji husema pombe ni hafifu, bei hushuka, na sehemu kubwa ya nafaka ile imekwisha kutupwa pamoja na machicha.

Hapo ndipo njia za mkato huanza. Wengine hununua sukari ya dukani na kuitia mtungini. Wengine huongeza nafaka zaidi safari ijayo. Na pombe iliyoshindikana huweza kuishia kwa wapikaji wa gongo, kazi ambayo sheria ya mwaka 1966 iliikataza kufanywa bila kibali. Lawama hupewa nafaka, au maji, au mkono wa mpikaji. Ukweli ni kwamba kosa lilitendeka siku ya kwanza, kabla chachu haijaanza kazi, na lingaliweza kuonekana siku hiyo hiyo kwa kipimo ambacho mwanafunzi wa kidato cha kwanza anakiweza. Nguvu ya pombe huamuliwa kabla haijawa pombe. Jambo hilo likieleweka, wapikaji wataokoa nafaka na kuni, na walimu wa sayansi watapata somo ambalo vifaa vyake viko jikoni.

Sukari kwanza, kileo baadaye

Chachu haili wanga. Hula sukari, na kutokana na sukari hiyo hutoa kileo na hewa ya kabonidayoksaidi. Nafaka kavu ina wanga mwingi, lakini sukari yake ni kidogo sana. Ndiyo maana mtama au ulezi hulowekwa, huachwa uchipue, kisha hukaushwa na kusagwa. Mbegu inayochipua hutengeneza vimeng'enya, yaani vitu ambavyo huvunjavunja wanga kuwa sukari ili mche mchanga upate chakula. Mpikaji humwahi mche huyo na kukitwaa chakula chake. Mwaka 1833 wanakemia wawili wa Ufaransa, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walikitenga kitu hicho kutoka katika kimea cha shayiri wakakiita diastasi. Kilikuwa kimeng'enya cha kwanza kutengwa na wanasayansi. Kwa hiyo elimu ya vimeng'enya, ambayo leo imejaa katika vitabu vya biolojia, ilianzia kwenye kimea.

Chachu nayo ina habari inayotuhusu sote tuzungumzao Kiswahili. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alieleza aina ya chachu iliyopatikana katika pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, akaiita Schizosaccharomyces pombe. Neno la Kiswahili likaingia katika orodha ya majina ya sayansi ya dunia. Mwaka 2001 Mwingereza Paul Nurse alikuwa miongoni mwa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel kwa utafiti juu ya mgawanyiko wa seli, na sehemu yake aliifanya kwa kutumia chachu hiyo hiyo. Mwanafunzi anayedhani kwamba mtungi wa bibi yake hauna uhusiano wowote na maabara na aikumbuke habari hii.

Sukari ikiyeyuka majini, maji huwa mazito. Hicho ndicho kipimo chenyewe. Uzito linganishi wa kioevu ni uzito wake uliogawanywa kwa uzito wa maji ya ujazo ule ule. Maji ni 1.000. Maji matamu ya kimea yatakayotoa bia ya kawaida huwa karibu 1.045, yatakayotoa pombe kali huwa 1.075 au zaidi. Kwa urahisi, tarakimu zinazozidi 1.000 zaweza kuitwa alama: 1.080 ni alama 80. Chachu ikimaliza kazi na kioevu kikashuka kutoka 1.080 hadi 1.020, alama 60 zimeliwa. Zikizidishwa kwa 0.13, jibu ni kileo cha karibu asilimia 8 ya ujazo. Kioevu kilichoanza na 1.045 kikaishia 1.010 kina asilimia 4 na nusu hivi. Hakuna ufundi wa baadaye, wala mtungi mzuri, wala siku nyingi za kungoja, utakaoweza kutoa kileo ambacho sukari yake haikuwamo tangu mwanzo.

Hesabu ya debe moja

Kwa nini basi kimea kikizidishwa mara mbili nguvu haizidi mara mbili? Sababu ni machicha. Kila kilo ya kimea, baada ya kuchujwa, hubaki imeshika karibu lita 1 ya maji matamu. Chukua mfano wa hesabu tu, bila kujali ongezeko dogo la ujazo linaloletwa na sukari. Tuseme kila kilo ya kimea huyapa maji alama 200 kwa jumla, yaani ingetosha kuzipa lita 10 alama 20 kila moja.

Kilo 5 katika lita 25 za maji hutoa jumla ya alama 1,000, ambazo ni alama 40 kwa kila lita. Machicha hushika lita 5, na lita 20, yaani debe moja, hutoka zikiwa 1.040. Sasa weka kilo 10. Ili debe lijae zahitajiwa lita 30, kwa kuwa machicha yatashika 10. Jumla ya alama ni 2,000, lakini zimegawanywa kwa lita 30. Kila lita ina alama 67. Mpikaji alitumaini 1.080, amepata 1.067. Theluthi moja ya sukari yote imelala ndani ya machicha.

Njia ya kwanza ya kuifikia 1.080 ni kuongeza nafaka. Mwanafunzi wa aljebra ataona kwamba zahitajiwa kilo 13.3, ilhali kama kisingepotea kitu zingetosha kilo 8.

Njia ya pili ni kuyasuuza machicha kwa lita 10 za maji ya moto, kuyachanganya maji hayo ya pili na yale ya kwanza, kisha kuchemsha mpaka lita 30 zishuke kuwa 20. Kwa kilo 10 za kimea njia hii hutoa karibu 1.083. Lakini gharama yake ni kuni. Kuzigeuza lita 10 za maji kuwa mvuke huhitaji joto la megajuli 22 na nusu hivi. Kilo ya kuni kavu hutoa megajuli 16 hivi, na katika moto wa mafiga matatu ni asilimia 10 hadi 15 tu ya joto hilo linalofika ndani ya chungu. Maana yake ni kilo 9 hadi 14 za kuni kwa debe moja, mbali na zile za upishi wenyewe. Katika wilaya ambazo tangu miaka ya 1990 zimepokea wakimbizi wengi kutoka Burundi na Kongo, na ambazo misitu yake imetegemewa na wenyeji na wageni pamoja, mzigo huo si mdogo. Ni afadhali maji ya pili yasichemshwe, bali yatumike siku hiyo hiyo kuwa maji ya kwanza ya upishi mwingine. Wapikaji wa Uingereza wa karne zilizopita walifanya hivyo kwa namna yao: maji ya kwanza yalitoa bia kali, na maji yaliyofuata yalitoa bia hafifu ya kila siku.

Njia ya tatu haihitaji nafaka zaidi wala kuni zaidi. Ni kuhakikisha kwamba wanga wa kimea umegeuka sukari barabara. Ikiwa kilo moja itatoa alama 240 badala ya 200, basi kilo 10 hasa zinatosha kutoa debe moja la 1.080 bila kuchemsha kwa ziada. Kilo 3.3 zimebaki ghalani. Hizo ni chakula, na katika mji wenye watoto si kitu cha kupuuzwa.

Joto la Kibondo si joto la pwani

Alama hizo 40 zimejificha katika joto. Vitabu vya Ulaya husema kimea kichanganywe na maji mpaka mchanganyiko uwe na nyuzi 65 za sentigredi, kisha kiachwe kwa muda wa saa moja. Maagizo hayo yanafaa kwa shayiri, ambayo wanga wake huvimba na kulainika kati ya nyuzi 60 na 65. Wanga wa mtama hauvimbi mpaka joto likaribie nyuzi 70 au kuzidi, na katika joto hilo baadhi ya vimeng'enya muhimu vya kimea hufa upesi. Anayekifuata kitabu neno kwa neno hubaki na wanga mbichi unaozama chini ya chungu.

Bibi wa Afrika Mashariki hakukisoma kitabu hicho, na pengine ni heri. Yeye hupika kwanza uji wa sehemu ya unga, akauacha upoe, ndipo akatia kimea. Kupika hulainisha wanga; kimea kilichotiwa baadaye huuvunja. Mwaka 1988 serikali ya Nigeria ilipopiga marufuku kuingiza kimea cha shayiri nchini, viwanda vikubwa vya bia vililazimika kugeukia mtama na mahindi, na wahandisi wake wakalazimika kuipika nafaka kwanza. Walilifikia kwa mitambo jambo ambalo jikoni lilikuwa likifanyika tangu zamani.

Palipobaki udhaifu ni katika kujua uji umepoa kiasi gani. Kimea kikitiwa uji ungali na nyuzi 80, vimeng'enya vinakufa. Mpikaji akingoja mpaka mkono uvumilie kukaa ndani, joto limekwisha kushuka chini ya nyuzi 50. Vimeng'enya hufanya kazi polepole, na vijidudu vya uchachu hutangulia. Kwa anayekosa kipimajoto, fizikia ina jibu. Mji wa Kibondo umeinuka kwa karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Sehemu 2 za uji unaochemka zikichanganywa na sehemu 1 ya maji ya baridi yenye nyuzi 22, mchanganyiko huwa na nyuzi 71 hivi. Tia kilo 5 za kimea kikavu katika lita 20 za mchanganyiko huo, na joto litashuka mpaka karibu nyuzi 65. Chungu kifunikwe vizuri, na kazi iendelee.

Kipimo hicho hicho kikifanywa Dar es Salaam, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 100 na maji ya baridi yana nyuzi 28, mchanganyiko wa mwisho utakuwa na nyuzi 71 au 72, na sehemu ya vimeng'enya itakufa. Kwa hiyo mpikaji wa pwani anayesema kwamba desturi ya Kibondo haifai, na wa Kibondo anayesema hivyo juu ya desturi ya pwani, huenda wote wawili wana haki. Mwanafunzi akilitambua hilo kwa kalamu yake mwenyewe, ameielewa mada ya joto kuliko aliyekariri kanuni kumi.

Kama wanga umekwisha au la, tone la iodini litasema. Tone moja la kioevu kilichopoa liwekwe juu ya kisahani cheupe na kuongezwa iodini. Rangi ya buluu nyeusi ni ishara kwamba wanga ungalipo. Rangi ya manjano ya iodini ikibaki ilivyo, kazi imetimia.

Kimea chenyewe nacho kina masharti yake. Ulezi hutoa kimea chenye nguvu nzuri. Mtama mwekundu una tanini, ambazo huvizuia vimeng'enya. Huko Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, mtama hulowekwa pamoja na majivu ya kuni kabla ya kuchipuzwa, na majivu hupunguza nguvu ya tanini hizo. Tena, mizizi na machipukizi ya mtama yana kemikali inayoweza kutoa sumu ya sianidi. Kwa sababu hiyo yapaswa kupukuswa na kupepetwa baada ya kimea kukauka, kabla ya kusaga.

Ulimi na mizani

Wapo watakaosema kwamba mpikaji hodari hahitaji chombo, kwa maana huonja kwa kidole akajua. Umahiri huo wastahili heshima, lakini ulimi una mipaka. Sukari ya kimea ina utamu usiofikia ule wa sukari ya dukani kwa kiasi kile kile. Uchachu huuficha utamu, na joto huubadili. Hata wapikaji wa Uingereza walitegemea ulimi kwa karne nyingi. Mwaka 1784 John Richardson, mpika bia wa Hull, alitangaza matokeo ya vipimo vyake vya haidromita. Kwa chombo hicho wapikaji walitambua kwamba kimea cha kahawia, kilichokuwa cha bei nafuu, kilitoa sukari kidogo kuliko kimea cheupe kwa fedha ile ile. Ulimi haukuwa umewaambia.

Haidromita si lazima inunuliwe. Chukua mrija, uzibe ncha moja kwa nta na kuutia mchanga au vipande vya misumari mpaka usimame majini ukiwa umezama sentimeta 15. Weka alama. Yeyusha gramu 100 za sukari na kuongeza maji mpaka lita 1 kamili. Kioevu hicho ni 1.038, na mrija utapanda milimeta 5 na nusu. Kwa gramu 200 katika lita 1, kioevu ni 1.077, na mrija utapanda karibu milimeta 11. Tayari kipimo kimepatikana. Ni mrija, kifaa ambacho wanywaji wa pombe ya nafaka wamekishika mikononi kwa vizazi vingi, ila sasa unatumika kupimia.

Wenye mizani watumie chupa. Ijazwe maji hadi alama, ipimwe. Imwagwe, ijazwe maji matamu hadi alama ile ile, ipimwe tena. Kila mara uzito wa chupa tupu uondolewe. Ikiwa maji yalikuwa gramu 500 na maji matamu ni gramu 540, jibu ni 1.080. Lakini mizani inayokosea kwa gramu 5 hukosea kwa alama 10, na hilo nalo ni somo. Kioevu kichujwe kwa kitambaa, kitulie, na kipoe mpaka nyuzi 20 hivi. Kikipimwa kikiwa na nyuzi 60 kitapungua kwa alama 17 hivi, na mpikaji atadhani amekosa shabaha ilhali ameipata.

Shule na mtungi

Pingamizi kubwa litatoka kwa wazazi na viongozi wa dini: je, shule ifundishe kupika pombe? Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko katika kichwa cha habari hizi. Kila jambo lililoelezwa hapa hutendeka kabla ya chachu. Kuchipuza, kupika uji, kupima joto, kutia iodini, kuchuja, kupima uzito, kupiga hesabu ya machicha, yote hukoma kwenye maji matamu ambayo ni ndugu wa togwa, wala hayana kileo. Kipindi kikiisha, maji hayo na machicha wapewe mifugo siku hiyo hiyo. Mwanafunzi hatakuwa amegusa pombe, lakini atakuwa ameelewa ni nini kinachoifanya iwe kali, na atakuwa na sababu ya kuwa na hadhari nayo.

Pingamizi la pili husema kwamba nafaka ni chakula na haifai kufanywa pombe. Anayeamini hivyo asiinywe. Lakini madhali pombe inapikwa, na madhali ni kipato cha wanawake wengi wanaosomesha watoto kwayo, ni bora ipikwe kwa kilo 10 kuliko kwa 13.

Tena kuna haki ya mnywaji. Chupa ya bia ya kiwandani huonyesha asilimia ya kileo, mtungi hauonyeshi. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliweka masharti ya leseni na ya saa za kuuza, lakini mtu anayekaa kilabuni hujua saa zaidi ya anavyojua anachokinywa. Mpikaji aliyepima mwanzo na mwisho aweza kumwambia mteja wake ukweli, na mteja aweza kuamua kama atakunywa kata moja au mbili kabla ya kupanda baiskeli yake kurudi nyumbani.

Fizikia ya vidato vya awali hufundisha uzito linganishi na kanuni ya Archimedes kwa vipande vya chuma na mafuta ya taa, tena kwa lugha ya kigeni. Mwanafunzi wa Kasulu hujibu mtihani, akarudi nyumbani, akamkuta mama yake anahangaika na kitu kile kile bila yeye kukitambua. Mwalimu anayetaka kuziba pengo hilo hahitaji kungoja mtaala mpya wala msaada wa mbali. Anahitaji kilo moja ya kimea, chupa, mizani, tone la iodini, na mrija. Na akimwalika darasani mama mmoja mpika pombe aeleze desturi yake, kisha wanafunzi wakaipima, watagundua kwamba mengi ayafanyayo mama huyo yana sababu, na kwamba machache yanayompotezea nafaka yanarekebishika kwa hesabu ya nusu ukurasa.